Swali la Tisa la Mwalimu Sentimita

Mwalimu Sentimita alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na muda wote huo alikuwa na maelezo yaleyale kwa kila mtoto aliyefeli: uvivu. Jina la Sentimita walimpa wanafunzi, maana rula yake ya mbao ya kupimia ubaoni haikumtoka kwapani hata akienda msalani. Mkewe alishasema kwamba laiti yeye angezaliwa rula, angependwa vya kutosha.

Akaja mwalimu mkuu mpya, mama mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma. Darasa la sita la Sentimita lilikuwa limeshika mkia katika mtihani wa majaribio, naye mama akaagiza kila mwalimu ahesabu, swali kwa swali, ni wangapi waliokosa na kwa nini. Sentimita akaandika "uvivu" mara ishirini, kwa mwandiko mzuri kabisa. Karatasi ikarudi siku ileile.

"Mwalimu wangu," mama akamwambia, "swali la tisa, watoto arobaini na mmoja wamepima mstari wa sentimita tano wakaandika saba. Mvivu hukosea ovyo. Hawa wamekosea kwa utaratibu. Nitafutie sababu kabla ya kikao cha Ijumaa. Ukishindwa, darasa nampa mwenzako, wewe utakaa stoo ya vitabu mpaka ustaafu."

Kustaafu kulibakiza mwaka mmoja. Stoo ilikuwa na panya na dirisha lisilofunguka, lakini si hilo lililomuuma. Aliwapenda wale watoto, ingawa hakuwahi kuwaambia na hakuwa na mpango wa kuanza sasa.

Akaamini wameibiana majibu. Jumanne akawapanga uwanjani, hatua tano kati ya mtoto na mtoto, akawapa mstari wa sentimita sita. Wakaandika nane. Jumatano akawapima mmoja mmoja ofisini, mlango umefungwa. Nane. Akashuku rula za dukani, akazikusanya na kuzilinganisha zote. Hazikuwa na kasoro, ila moja ilichorwa picha yake, kipara na kila kitu.

Alhamisi, maarifa yalipomwishia, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Akamwita binti wa dawati la mbele, akamwambia apime huku akieleza. Binti akaweka alama ya mbili mwanzoni mwa mstari.

"Mbona unaanzia kwenye mbili?"

"Si ndivyo unavyofanya wewe, mwalimu."

Sentimita akaitazama rula yake. Miaka sita nyuma kabati liliiangukia, likakata sentimita mbili za mwanzo, naye akakataa katakata kupewa nyingine. Tangu hapo alianzia kwenye mbili, akazitoa kichwani kimyakimya, kisha akatangaza jibu sahihi. Watoto waliona alipoanzia. Alichokitoa kichwani wangekionaje? Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Nisikufiche, alifikiria kuzisingizia rula za dukani. Lakini Ijumaa kikaoni alisimama akasema yote, mpaka na kabati. Walimu wakacheka, mmoja akamwaga chai kwenye madaftari. Mama hakucheka.

"Darasa linabaki kwako," akasema. "Na nyinyi mnaocheka, kuanzia Jumatatu kila mmoja awaulize watoto wake walivyoyapata majibu yao."

Kicheko kikakatika. Kufikia Jumatano walimu wanne walikuwa hawamsalimii.

Yeye hakungoja kuambiwa mara mbili. Jumatatu asubuhi aliwaeleza watoto kwamba kosa lilikuwa lake. Wakatazamana kama walioingia darasa la watu wengine, maana mwalimu kukosea lilikuwa somo jipya. Akawafundisha upya, kuanzia sifuri, na safari hii kila alichofanya alikisema kwa sauti. Mwisho akauliza kama kuna swali, akitumaini hakuna.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Kaka yangu ulimfundisha wewe, mwalimu, kwa rula hiyohiyo. Alikosa alama moja tu ya kuendelea na masomo. Baba akasema hana kichwa cha shule, akamwachisha."

Sentimita akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwambie kaka yako aje kesho tukimaliza masomo," akasema. "Na baba yako naye aje. Nataka kuongea naye mimi mwenyewe."