Kihokkien cha Jumatano

Katika shule ya msingi ya Evere ninakoangalia watoto baada ya masomo, wazazi huchelewa lakini mabibi huwahi. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka Taiwani, aliyekuja Brussels kuishi na binti yake baada ya kustaafu. Alifika mapema kila siku, akakaa kwenye benchi la ukumbini, mwavuli mapajani. Kifaransa chake kilikuwa kidogo, cha kozi ya manispaa, lakini alikisema bila haya.

Mjukuu wake, msichana wa miaka minane, alipotoka darasani, bibi alimsemesha kwa lugha yao. Mtoto alijibu kwa Kifaransa, upesi upesi, huku akichungulia kama wenzake wamesikia.

"Hicho ni Kichina?" nilimuuliza siku moja.

"Ni Kihokkien," akasema. "Nimekifundisha miaka mingi."

Kwao, alinieleza, shule za msingi hukifundisha kipindi kimoja kwa wiki. Yeye alikuwa akizunguka na pikipiki kutoka shule hadi shule. "Watoto wanakisikia kwa bibi zao, lakini wanajibu kwa Kimandarini, Kichina cha serikali. Mimi ninawafundisha kujibu."

Maneno hayo yalinikaa. Mimi pia huwasemesha wanangu Kiswahili, wananijibu kwa Kifaransa, na nimezoea.

Mwaka ule mkuu wa shule aliomba familia zijitolee kufundisha lugha zao Jumatano mchana, masomo yanapoisha mapema. Bibi akajitokeza. Binti yake alimsihi palepale ukumbini, kwa Kifaransa ili nami nimuunge mkono: "Mama, fundisha Kimandarini. Hicho kitawapatia kazi."

"Kimandarini kina walimu wa kutosha," bibi akajibu.

Siku ya kwanza darasa lilijaa. Mimi nilikaa nyuma, maana lazima mfanyakazi wa shule awepo. Bibi alipandisha na kushusha mkono kuonyesha sauti ya kila neno, watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Kiswahili hakina mambo hayo, lakini Lingala ya Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, inayo: ukikosea sauti, neno la mtu linageuka la kichwa, au la moto.

Kisha wazazi wakagundua kwamba si Kimandarini. Watoto wakapungua mpaka wakabaki wa kukusanyika kwenye meza moja. Mjukuu alikuja kwa sababu hakuwa na pa kwenda, akakaa pembeni akichora.

Jumatano moja mvulana mmoja aliuliza, "Wewe ulikisoma shule gani?"

Bibi aliweka chaki chini. "Shuleni? Nilipokuwa kama wewe, aliyekisema shuleni alivishwa kibao shingoni. Alikaa nacho mpaka amkamate mwingine akikisema."

Nami, bila kupanga, nikasema kutoka nyuma: "Kwetu Lubumbashi ulikuwa mfupa. Ukisema Kiswahili shuleni, unavaa mfupa."

Bibi alinigeukia. Tangu tujuane tulikuwa tumezungumzia mvua, magoti yake na bei ya mchele tu.

Mjukuu aliacha kuchora. "Ulilia?" akamuuliza bibi yake kwa Kifaransa.

Bibi alimjibu kwa Kihokkien, taratibu, sentensi ndefu. Wenzake wakamtazama yule msichana. Akaona aibu kidogo, kisha akawatafsiria: "Anasema hakulia. Alifunga mdomo siku nzima, na alipofika nyumbani mama yake akadhani anaumwa."

Hakuna aliyemwomba atafsiri. Tangu siku hiyo alihamia kwenye meza ya wenzake. Sitasema alianza kukisema kama bibi yake. Alikisema kwa makosa mengi, na mbele yetu.

Jumamosi iliyofuata nilimsimulia dada yangu pale saluni Matonge, akinisuka.

"Alors weye je?" akasema kwa Kiswahili cha kwetu. "Batoto yako banajua nini? Unangojea nani abafundishe?"

Nilikwenda kwa mkuu wa shule kuomba nifundishe Kiswahili. Alikubali, akanipa Alhamisi baada ya masomo, kisha akauliza: "Kiswahili kipi? Mama mmoja Mtanzania aliniambia chenu si sanifu."

Nilimpelekea bibi swali hilo kwenye benchi. Alifikiri, akasema kwamba hata kwao kitabu cha serikali kilikuwa na neno moja, na bibi wa kila kijiji alikuwa na lake. "Niliwaambia watoto waniletee la nyumbani. Tuliyaandika yote ubaoni."

Basi Alhamisi yangu ya kwanza niliandika *mtoto*, na chini yake *mutoto*. Wanangu wawili walikuwepo, wamenuna. Msichana mmoja ambaye wazazi wake wametoka Bujumbura ndiye mkali kuliko wote: kuna siku ananisahihisha, kuna siku ninamsahihisha, na kuna siku tunabishana mpaka kengele inalia. Sijui bado kama ndivyo lugha inavyofundishwa. Lakini juzi mwanangu mkubwa aliingilia ubishi huo, kwa Kiswahili, kuniambia kwamba nimekosea.