Friji ya Chanjo ya Samuye

Asteria Mageni alikuwa fundi simu mtaa wa Kalangalala, mjini Geita, lakini kwao hasa ni Samuye, Shinyanga, kwenye ng'ombe. Ugonjwa wa chambavu ulipoanza kuua ndama kijijini, Bartholomeo, daktari wa mifugo wa huko, alimwomba amtengenezee kitu cha kulinda friji ya chanjo, maana umeme ulikuwa ukikatika ovyo.

Kuandika programu alikuwa amejifunza mwenyewe kwenye video, katikati ya wateja. Aliunganisha kipima joto na chipu ndogo, akaiandikia maagizo: kila dakika mbili pima, tuma namba kwenye simu, joto likipita nyuzi nane, piga kengele. Akakifunga kifaa kwenye friji kwa mkono wake. Wiki tatu hakikumsumbua mtu.

Ijumaa saa saba mchana, kesho yake chanjo ikiwa inaanza, Asteria alikuwa akibadilisha kioo cha simu ya mteja. Akafungua programu yake kwa mazoea tu. Nyuzi mbili nukta moja, na chanjo haitakiwi kushuka chini ya mbili. Akadhani hajaona vizuri. Akaangalia tena: moja nukta saba. Na simu kimya.

Chanjo ya chambavu ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Friji ilikuwa imeng'ang'ania kupoza, haipumziki, naye hakuandika popote kwamba baridi ikizidi kengele ilie. Kwa mtoto wa Shinyanga adui ni joto. Baridi haikumpitia hata akilini.

Akampigia Bartholomeo, hakupatikana. Mara ya pili, ya tatu, hapatikani. Ndipo alipomkumbuka Mama Limi, jirani anayetunza ufunguo wa ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mama, acha unachofanya. Nenda ofisini kwa daktari uchomoe friji."

"Niichomoe? Bartholomeo kasema asiiguse mtu!"

"Inagandisha dawa, mama. Ichomoe, nitajibu mimi."

Zikasikika ndala zikipiga chini na pumzi za mama mtu mzima anayekimbia. Sifuri nukta tisa. Ufunguo ukagoma. Mama Limi akalaani kwa Kisukuma, akajaribu tena. Sifuri nukta nne.

"Nimechomoa!"

"Sasa toa chupa zinazogusa ukuta wa nyuma. Tikisa moja moja. Dawa inacheza?"

Kwenye simu chupa zikasikika zikigongana. Mteja alikuwa ameshasimama, anamtazama fundi wake.

"Hizi sita ni mawe, mwanangu. Zilizobaki zinacheza."

Asubuhi Asteria alikuwa Samuye na kompyuta begani. Aliongeza mistari miwili tu: nyuzi zikishuka chini ya mbili, piga kengele. Nje, ng'ombe walikuwa wameshajaa.

"Tuseme friji imeharibika, yaishe," Bartholomeo alimnong'oneza.

"Friji imeharibika kweli. Lakini kengele kunyamaza ni kosa langu."

Akasimama mbele ya wafugaji akalisema hivyo hivyo. Waliguna. Chupa zikaisha kabla ya kumfikia Mwigulu, mzee aliyeswaga kundi lake kutoka mbali.

"Kwa hiyo nirudi nao hivi hivi kwa sababu wewe ulisahau?"

"Ndiyo, baba."

Mwigulu aliwageuza ng'ombe wake, akaondoka.

Chanjo nyingine ilifika baada ya siku tisa. Katika siku hizo Mwigulu alipoteza ndama mmoja. Asteria alisafiri tena, akamkuta akimalizia kufukia shimo. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima.

"Pole, baba," alisema tu.

Mzee akajifuta jasho. Kisha akatoa simu yake ya vitufe mfukoni.

"Hicho kitu chako kikilia, kinalia kwa nani?"

"Kwangu na kwa daktari."

"Daktari hapatikani, na wewe uko Geita. Weka na namba yangu."

Akamtajia tarakimu moja moja, na Asteria akaziandika.