Siku Nilipoukata Mtandao wa Guka Njuguna

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Ruiru, mwanangu, iliyonifanya hadi leo, nikisikia ndege, niinamishe kichwa kuisikiliza kwanza, ndipo niitazame.

Nilikuwa kijana wa kiwanda cha juisi kule Thika, na kwenye simu nilikuwa na kikundi cha wapenda ndege, hizi za abiria na mizigo. Ndege ikipita juu ya kwako, unaandika ni ya aina gani na inaelekea wapi. Ukikosea, unaitwa Abiria mpaka utaje tatu sawasawa. Mimi sikuwa nakosea, wakaniita Kapteni, ingawa, nikuambie ukweli, ndege yenyewe sikuwa nimewahi kuipanda.

Asubuhi hiyo ndege ya mizigo ilipita chini chini. Guka Njuguna, mzee wa Gatongora ambaye sote tulimwita Guka, yaani babu, akaandika kwamba ina injini mbili. Mimi nilikuwa nimeipiga picha: nne, wazi kabisa. Wenzangu wakaanza utani wetu wa kawaida: "Abiria, funga mkanda!" Lakini mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimegombezwa na supavaiza, roho inachemka. Nikaandika: "Wazee wengine warudi kuchunga mbuzi. Hapa ni pa watu wenye macho."

Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga. Kidole kinao, lakini changu hakikunisaidia.

Tangu hapo Guka hakuandika tena kikundini. Wiki ya pili, Mama Achieng, mwalimu wa kule Kahawa Sukari aliyesimamia kikundi, akanipigia.

"Kapteni, kesho baada ya kanisa tunaenda Gatongora kwa Guka. Beba mkate."

"Lakini Mama, mimi nilikuwa sawa. Picha iko."

"Nani amekuuliza picha? Beba mkate."

Mkewe, Cucu Wanjiru, yaani nyanya, alitupokea langoni kwa sauti ya chini. "Haoni. Huu ni mwaka wa tatu. Yeye husikiliza, mimi naandika, halafu namsomea vile mmesema. Hiyo yako singeweza kumsomea. Nilimwambia mtandao umepotea."

Mzee alikuwa ameketi kando ya banda la kuku, uso ameuelekeza juu. Akasikia hatua zetu.

"Ni nani? Mtandao umerudi? Niko na ndege kumi na mbili hapa kichwani, naogopa nitazisahau."

Nikachuchumaa mbele yake. "Umerudi, Guka. Ni mimi niliyeukata." Nikamweleza yote, hata ya mbuzi. Cucu akageuza uso.

"Hiyo ya macho imeuma," akasema mzee. "Usirudie. Sasa niambie, injini zilikuwa ngapi?"

"Nne, Guka."

"Nne! Ngai! Kumbe nimekuwa Abiria wiki mbili na hakuna mtu ameniambia!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanitajia ndege zake, nami nikaziandika moja moja. Mbili alikosea. Tukamcheka, naye akatushinda kwa kucheka.

Mwanangu, Guka hakutaka kuonewa huruma. Alitaka kukosolewa na watu wanaompenda. Nilichosema kuhusu ile ndege kilikuwa kweli, ila nilikitumia kumfungia mtu mlango. Kwa hivyo taniana na wenzako, na ukikosea kubali kuitwa Abiria. Lakini ukiwa na hasira, weka simu chini, nenda ukamwagilie mboga za sukuma, kisha urudi. Na kabla ya kumjibu mtu usiyemwona, jiulize kama ungeweza kuyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya mkewe. Kama huwezi, yafute. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Mungu akujalie marafiki watakaokuambia ni injini ngapi, na wasikuhame ukikosea. Na siku utakapomkata mtu kwa maneno, akupe miguu ya kufika langoni kwake, na mkate mkononi.