Mgongo wa Twaha

Kabla hajawa saisi wa farasi, Twaha alikuwa mtu wa punda. Aliuza maji Temeke kwa mkokoteni, na punda wake, Mungu amsamehe, walikula fimbo kuliko majani. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Mnyama anapigwa, mnyama anakwenda, basi.

Enzi za ruksa zilipoingia, biashara zikafunguliwa, tajiri mmoja, Noorali, aliyekuwa akileta friji na televisheni kutoka Dubai, alinunua shamba la mikorosho Mbagala akaweka farasi wanne. Twaha akaajiriwa kuwatunza. Watatu hawakuwa na shida. Wa nne, jike mwekundu aliyeitwa Lulu, alikuwa balaa. Alishapita kwa mabwana watatu, na makovu ya mijeledi yalionekana wazi mgongoni. Na Twaha naye, loo, akaja na fimbo yake ileile! Mwezi mzima alichapa. Lulu akamvunja mbavu mbili.

Aliporudi kazini hakuwa na nguvu hata ya kuinua ufagio. Akaingia uani, akakaa juu ya ndoo, akampa Lulu mgongo, akawa anakula mihogo yake ya kuchoma huku akiimba kaswida kwa sauti ya chini. Hakuwa na mpango wowote, alikuwa amechoka tu. Baada ya muda mrefu akasikia pumzi ya moto shingoni. Hakugeuka. Akainuka taratibu, akatembea, na kwato zikamfuata. Mtu mzima yule alilia, wallahi, alilia mbele ya farasi.

Tangu siku hiyo fimbo ikawa kuni. Akajifunza kusoma masikio ya Lulu: yakilala nyuma, Twaha anasubiri, yakielekea mbele, anamsogelea. Hatamu alimvalisha baada ya wiki tatu, tandiko baadaye sana. Akitaka kumpeleka popote, humgeuzia mgongo, huimba kaswida yake, huenda. Mkewe Somoe akawa anamtania, "Baba Talha, ungekuwa unanisikiliza mie hivyo, si ningenenepa!" Twaha akacheka, kisha akasema kwa dhati, "Nimemwahidi yule mnyama. Hapigwi tena."

Mwaka tisini na tano Noorali akaamua kuwafuata ndugu zake Kanada. Farasi watatu walichukuliwa na watu wa Oysterbay. Lulu akanunuliwa na bwana mmoja wa bara, ambaye sifa yake kwa wanyama ilikuwa mbaya kila alikopita.

"Bosi, huyu mtu anapiga," Twaha aliomba. "Niachie mie."

"Utamweka wapi, Twaha? Chumbani kwako?" Noorali alisema kwa upole, bila kumtazama. Na kweli, Twaha alikuwa amepanga chumba kimoja.

Lori lilikuja asubuhi na utingo wawili. Lulu akagoma kupanda. Wakamvuta kwa kamba, akakita miguu. Wakasukuma, wakatukana, jasho likawatoka. Hatimaye mmoja akakata kipande cha mpira wa maji, akaanza kumchapa. Twaha alikuwa amesimama getini, ameuma kanga ya Somoe aliyofungia chakula chake. Pigo la tano likamshinda.

"Acheni! Acheni, nitampandisha mie."

Akasimama mbele ya Lulu. Masikio yalikuwa yamelala kabisa. Akamgeuzia mgongo, akaanza ile kaswida, akapanda ubao kuingia kwenye lori. Nyuma yake kwato zikagonga mbao. Lulu hakusita hata kidogo. Twaha akaruka nje kupitia ubavuni, utingo wakafunga mlango, na lori likaondoka. Lulu alilia mpaka barabara kuu.

Twaha hakushika tena mnyama. Alienda Keko kupiga msasa viti na vitanda, kazi ya vumbi isiyokuwa na macho ya kukutazama. Kwenye maulidi, kaswida ile ikianza, alikuwa anatoka nje. Siku moja Somoe akamfuata.

"Baba Talha, jamani, si ulimwokoa na kipigo?"

"Cha siku ile tu," Twaha akasema. "Walikuwa wameshachoka, Mama Talha. Pengine wangemwacha. Wao walishindwa. Niliyempandisha ni mie."