Siku Wamalwa Alipotunukiwa

Kwa wiki tatu Loice Nakhisa, muuza chapati wa mtaa wa Kisugu, alimfunza mwanawe sentensi moja tu: "Asanteni, Mungu awabariki."

Wamalwa alikuwa mwanakemia. Zamani, alipokuwa mzima, alimweleza mama yake utafiti wake kwa mfano wa viatu. Chembe za dawa huja pacha, alisema, moja kama kiatu cha kushoto, nyingine cha kulia. Ukizitazama utadhani ni kitu kimoja, lakini hazivaliki mguu mmoja. Katika dawa yake, ya kulia ilituliza kifafa, ya kushoto iliharibu ini. Yeye ndiye aliyegundua njia ya kuzitenga. Loice aliishia darasa la sita, lakini hilo lilimwingia.

Kisha homa ya uti wa mgongo ikamlaza Wamalwa miezi miwili. Mwili ulirudi, akili haikurudi yote. Kila asubuhi Loice alimtazama akivaa viatu, na kila asubuhi cha kushoto kiliingia mguu wa kulia. Chuo alikofanyia utafiti kilipopiga simu kuuliza kama amepona, maana wanataka kumtunuku, Loice alijibu, "Mzima kabisa." Aliogopa nafasi ya mwanawe maabara isije ikapewa mwingine.

"Mama Profesa, leo hata salamu hatupati!" jirani yake Shamim aliwatania siku ya sherehe wakitoka. Loice alicheka kwa meno tu.

Ukumbini Wamalwa aliitoa sentensi yake vizuri. Mwanafunzi wake, Akot, akauliza alitambuaje ipi ni ya kulia. Wamalwa akamgeukia mama yake, akatabasamu.

"Bambi, maskini wee, msomi hajivuni!" mtu akasema, na makofi yakazidi. Loice naye alipiga.

Wakati wa chai Dakta Okidi, mkuu wa maabara, alimjia. "Mama, umezaa! Jumatatu tunaanza kuwapa dawa yake watoto wa wodini. Kuitenga dawa namwachia yeye tu."

"Lakini atakaguliwa, Daktari?"

"Nani wa kumkagua Wamalwa?" Okidi akacheka.

Loice alitafuta uongo mwingine, akaukosa. Watoto hao nao wana mama zao.

"Hajui tena," alisema. "Niliwadanganya kwenye simu, Daktari. Mwanangu hajui tena. Nafasi yake mpe mwingine."

Okidi aliweka kikombe chini. Ng'ambo ya meza, Wamalwa alikuwa akimwonyesha Akot ngao aliyotunukiwa, akimuuliza kwa upole jina lililoandikwa pale ni la nani.