Mtu wa Kunitazama Nikimeza

Kliniki ile ya Keroka hukuandikia ugonjwa wako kwenye daftari unalojinunulia mwenyewe. Daftari la shule, la kurasa thelathini na mbili, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nililinunua duka la jirani, nikahesabu kurasa pale pale, nikapata thelathini. Nikahesabu tena, thelathini. Muuzaji akasema zile mbili ni jalada. Nikamwambia jalada haliandikwi dawa, anibadilishie. La pili nalo lilikuwa na thelathini, lakini yeye alishanichoka na mimi nilikuwa nakohoa, tukaachana hivyo.

Kikohozi kilikuwa katika wiki ya saba. Kazi yangu ilikuwa kuuza uji pale Keumbu, uji wa wimbi uliochachuka vizuri, na muuza uji hakohoi. Anaweza kuwa na ulimi mkali, anaweza hata kupunja kikombe kidogo, watu watamsamehe. Kukohoa hapana. Nilikuwa na vikombe ishirini na vinne vya bati, ambavyo siku nzuri vilizunguka mara nne. Vikombe hivyo ndivyo vilivyonisomeshea watoto wawili baada ya baba yao kufariki. Mmoja sasa yuko Nakuru, mwingine Nairobi. Kwa hiyo nilipoona damu kwenye leso sikwenda zahanati ya karibu, ambako nesi ni mteja wangu na mlinzi ni mteja wangu. Nilikwenda Keroka, mji wa malori na wapita njia, mahali ambapo mtu anaweza kuugua bila kuwa habari.

Karani wa kliniki alikuwa binti mpole mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliuliza maswali kupitia dirisha dogo lenye wavu. Kutoka dirishani hadi kwenye benchi la wagonjwa ni hatua tatu. Nilizipima nikienda, nikazipima nikirudi.

"Jina, mama?"

Nikalitaja polepole. Akalirudia kwa nguvu, awe na hakika. Benchi zima likawa na hakika.

"Shida ni gani, mama?"

"Nitamwambia daktari."

"Lakini hapa kuna mstari wa kuandika shida."

"Basi andika shida."

Akaandika hivyo. Nilimwona. Kisha akauliza kanisa.

"Kwani kanisa linatibu?"

"Ni fomu tu, mama. Ukizidiwa, tujue wa kuita."

Nikataja kanisa langu la Sabato. Kila kitu kingine siku ile nilikitoa kwa kuvutana. Hicho kimoja nilikitoa bure, na ndicho kilichoniponza.

Daktari alikuwa kijana, lakini alijua kazi. Alifunga mlango, akafungulia redio nyimbo za injili ili benchi lisikie nyimbo na lisinisikie mimi. Makohozi yalipopimwa na majibu yakarudi, alisogeza kiti chake karibu.

"Mama, ni kifua kikuu. Kinapona kabisa ukimeza dawa."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

"Mitano haitoshi?"

"Sita, mama."

"Na nikimeza asubuhi na jioni, si itakuwa mitatu?"

Akatabasamu. "Mama, hii haipunguzwi."

Niliambiwa nikae nyumbani wiki mbili za kwanza, madirisha wazi, na nisikae karibu na watu. Akaniambia pia kwamba waliokuwa wakikaa nami kila siku atawaita wapimwe, na hatawaambia ni kwa sababu ya nani. Nikampa majina manne. Halafu akafika kwenye sehemu moja ya kadi yangu ya dawa.

"Tunahitaji mtu wa kukutazama ukimeza. Kila asubuhi."

"Vidonge ni vinne. Nne najua kuhesabu."

"Si hesabu, mama. Watu wakipata nafuu huchoka, wanaacha."

"Nitajitazama kwenye kioo."

Alicheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. "Basi tuache nafasi hii wazi. Ukipata mtu unayemwamini, utaniletea jina." Niliitazama ile nafasi kabla ya kutoka. Ilikuwa wazi. Nikarudi mlangoni nikaomba kuitazama tena.

Sokoni nilituma neno kwamba nimekwenda Nakuru, binti yangu amejifungua. Nilikaa ndani wiki mbili, nikaongeza ya tatu juu yake, kama unavyomwongezea mteja wa siku nyingi. Daktari akanipima tena, akasema siambukizi, nirudi kazini. Nikarudi. Wakaniuliza mtoto wa Nakuru ana kilo ngapi. Nikasema tatu na nusu. Vikombe vilizunguka mara tatu siku ile, na kwa mtu aliyetoka kitandani hiyo si haba.

Nilifanya kazi siku nne. Ya tano ilikuwa Sabato.

Kiongozi wa akina mama katika kanisa letu ni mtu ambaye angekuvulia sweta lake kwenye mvua. Hilo nalisema mapema ili nisimdhulumu. Alisimama baada ya matangazo, na karatasi ya wagonjwa mkononi, akasoma wa kwanza, mzee aliyevunjika nyonga, akasoma wa pili. Kisha akasema, "Tunaye pia mama yetu wa uji pale sokoni. Amepatikana na kifua kikuu. Kliniki imenipa mimi jukumu la kumtazama akimeza dawa, na mzigo huo siuwezi peke yangu. Tumbebe kwa maombi."

Kanisa likaitika amina. Mama aliyekaa kushoto kwangu alihamisha Biblia yake upande wa pili, kisha mkoba wake, kisha akajihamisha mwenyewe.

Nilimsubiri yule kiongozi nje, karibu na tangi la maji.

"Nani alikuambia?"

"Kliniki walinipigia, mama. Waliuliza kama unameza vizuri. Nikawaambia sijui kama unameza kitu chochote. Ndipo wakasema mimi ndiye nimeandikwa kukusimamia."

"Na hukuja kuniuliza."

"Nilidhani ni wewe ulinichagua." Alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili. "Nilifurahi, mama. Hakuna mtu huwa ananichagua kwa mambo kama hayo."

Nilimwacha na karatasi yake, nikashika njia ya nyumbani.

Jumapili walikuja kunitazama, akina mama tisa. Waliniletea pakiti tatu za sukari, majani ya chai na mkungu wa ndizi. Nyumbani kwangu kuna viti sita na kochi, lakini walikaa nje chini ya paa, na mvua ikiwarushia matope kwenye sketi. Waliimba vizuri sana. Chai niliyopika hakuna aliyeionja. Nilimwaga vikombe tisa.

Jumatatu dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa miaka, alikuja na chupa ya plastiki.

"Mama, leo niwekee humu."

"Kikombe changu kimekukosea nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni mke wangu alisema."

"Mke wako yuko Bomet. Alisikia saa ngapi?"

"Wee, mama. Hii habari haina breki."

Nilimwekea. Angalau yeye alikuja na chupa. Wengine walikuja na salamu. Jirani yangu wa kibanda, muuza mandazi, ambaye mandazi yake na uji wangu vilikuwa vimeoana miaka kumi, aliita kutoka kwake ili soko lisikie: "Na yule mtoto wa Nakuru, wa kilo tatu na nusu, naye mmemweka kwa maombi?" Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha mzuri. Kama ungekuwa juu ya mtu mwingine ningecheka. Kufikia Alhamisi vikombe sita ndivyo vilivyolowa kutwa nzima. Nilivipanga vile vingine kumi na vinane, vikavu, nikavihesabu, nikavihesabu tena, kana kwamba hesabu ingeona haya ibadilike.

Ijumaa nilipanda hadi Keroka. Karani alinitambua, akateremsha macho.

"Nafasi ile iliachwa wazi," nikamwambia. "Nani aliijaza?"

"Mkaguzi wa kaunti alikuwa anakuja, mama. Faili likiwa na nafasi wazi tunaandikiwa kosa."

"Kwa hiyo ukanitafutia mtu."

"Nilitafuta mtu mzuri. Shangazi yangu anajua kanisa lenu, ndiye alinipa namba. Sikuandika mtu wa barabarani tu."

"Ungeandika wa barabarani. Wa barabarani hana karatasi ya maombi."

Akaanza kulia kimya kimya, na benchi likanitazama mimi kama ndiye mkosaji. Daktari akanivuta ndani. Safari hii alisahau redio.

"Futa lile jina," nikasema.

"Rekodi haifutwi, mama. Naikata mstari mmoja, naandika kilichotokea, natia saini."

"Na kanisa? Nalo utalikata mstari?"

Alitoa kadi yangu, akakata lile jina kwa rula, akatia saini. Kisha akatoa fomu tupu zote zilizokuwa mezani, akaanza kukata swali la kanisa moja baada ya nyingine. Zilikuwa arobaini na moja. Akaniambia dirisha lile litafungwa, mgonjwa atahojiwa chumbani. Akaniomba msamaha, na sikusikia uongo ndani yake. Halafu akasema ataniandikia barua ya kuonyesha wateja, kwamba siambukizi tena, na kwamba kifua kikuu kinapita hewani, si kwenye kikombe.

"Kwa hiyo kitu nilichoibiwa," nikamwambia, "sasa nikigawe mwenyewe."

"Itakusaidia kuuza, mama."

"Itamsaidia aliyekuwa hajasikia."

Aliiandika hata hivyo. Ninayo. Imekaa ndani ya lile daftari la kurasa thelathini, na hakuna aliyewahi kuisoma isipokuwa mimi. Maneno yake ni mazuri.

Lakini kuna jambo nililazimika kumuuliza kabla sijatoka, kwa maana na mimi si msafi. Zile wiki saba nilikuwa nikienda nyuma ya kibanda, nakohoa, napangusa mdomo, narudi kwenye sufuria. Kama kuna watu waliostahili kuambiwa, ni wale wanne niliompa majina yao. Nikamuuliza wangapi wamekuja kupimwa.

"Mmoja," akasema. "Hao wengine watatu walisema watakuja, kisha wakazima simu. Hiyo ilikuwa baada ya Sabato."

Mmoja wa hao watatu alikuwa jirani yangu wa mandazi.

Uji wenyewe ulikufa kabla ya mwezi wa tatu wa dawa. Nilimaliza miezi yote sita, vidonge vyote, bila mtu wa kunitazama. Daktari aliandika kwenye daftari kwamba nimepona. Sabato iliyofuata nilikaa kwenye benchi langu, upana wake wote ukiwa wangu, nikasikia karatasi ikisomwa: mzee wa nyonga, ambaye tayari alikuwa anachunga ng'ombe, na mimi. Nilimfuata kiongozi wa akina mama nikamwambia nimepona, aniondoe.

"Maombi hayaharibu kitu, mama," akasema kwa upole. Karatasi ile hufanyiwa nakala kila wiki kutoka ya wiki iliyopita. Wa kuongeza wako wengi. Wa kuondoa sikumwona.

Ndipo jirani wa mandazi akaja kwangu nyumbani, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti. Huyo alikuwa wa kwanza. Nilijua anataka kitu.

"Dada, vile vikombe unavifanyia nini sasa?"

"Vinanitazama."

"Niuzie. Watu wanauliza uji, na mimi niko pale pale. Taja bei."

Alipokuwa akisema hivyo aligeuza uso, akakohoa kwenye kona ya leso, kikohozi kile cha chini ambacho nilikifahamu kuliko sauti yake. Nilimuuliza kina muda gani. Akasema ni moshi wa mafuta ya mandazi.

"Bei ni moja," nikamwambia. "Safari ya Keroka, upimwe. Nitakwenda nawe. Ukirudi, vikombe vyote ni vyako."

"Nikasomwe Sabato kama wewe?"

"Swali la kanisa limekatwa. Nililiona likikatwa. Na kama ni dawa, nitakutazama mimi ukimeza, na sina mtu wa kumwambia. Nani anaongea na mimi?"

Alifikiri. Aliangalia vikombe vilivyopangwa rafuni, nikaona anavihesabu.

"Mwezi ujao, dada. Shule zikifungua kuna biashara. Nipe sasa, mwezi ujao nitaenda."

"Hii haipunguzwi."

Aliinuka, akajifunga leso, akaniambia moyo wangu umekauka. Labda. Wiki iliyofuata alinunua vikombe vya plastiki Kisii, vyekundu. Nilipita sokoni nikavihesabu: thelathini. Nikapita tena nikirudi, thelathini. Kibandani kwake watu walikuwa wamejaa, wanakunywa wamesimama, na yule dereva wa lori alikuwa miongoni mwao, bila chupa. Jirani yangu alimimina, akapokea pesa, akaweka mwiko chini. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, pale pale nilipokuwa nikienda mimi, akakaa kidogo, akarudi akipangusa mdomo.

Vyangu bado ni ishirini na vinne.