Maharage ya Watu Watatu

Nilikuwa nimepata nafasi ya kufundisha chuoni Iringa, na sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka kuwaambia wenzangu wawili tukiwa ziwani, nione kama yupo atakayesema nibaki.

Tulisoma pamoja sekondari, na kila likizo tulikuwa tukishuka Ziwa Nyasa kwa miguu, kisha tunarudi Mbinga na lori lolote lililopandisha dagaa. Chakula hatukupangiana. Mmoja alibeba ugali, mimi mboga, wa tatu alinunua samaki ufukweni, tukala katika chombo kimoja. Ndivyo tulivyolelewa Umatengo. Kwa bibi yangu, mtoto aliyejitenga na sahani yake aliulizwa anaumwa wapi.

Sasa tulikuwa watu wazima. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kugombea kahawa na chama cha ushirika, na mmoja wa wenzangu alikuwa ameolewa na mnunuzi. Mwingine alikuwa nesi, mama wa watoto watatu. Mimi niliishi peke yangu katika nyumba ya shule, na kuipata siku moja ya kuwa nao kulinigharimu miezi ya kuombana.

Lori la mume wa yule wa kahawa lilitushusha ukingoni mwa milima, likatangulia ufukweni kwa njia ya kuzunguka. Tulishuka kwa kupita juu ya matuta yanayogawa mashimo ya ngolo, yale ya kilimo chetu cha mteremkoni, tukifuatana, maana pale hapapitiki wawili sambamba. Nilikuwa wa mwisho. Wao walizungumzia ada, bati, na wasichana wa kazi wasiokaa.

"Mwalimu, mbona kimya?" nesi aliuliza bila kugeuka. "Unasahihisha madaftari kichwani?"

"Anatuwekea mikasi, tumekosa yote," mwenzake alijibu.

Nilicheka, lakini nilichelewa.

Ufukweni tuliwaamkia akina mama waliokuwa wakianika dagaa, tukakaa kwenye mwamba. Nilifungua kanga niliyofungia sufuria ya maharage, bado ya moto, nikasubiri. Mke wa mnunuzi akatoa bakuli lake la plastiki lenye mfuniko: chapati na paja la kuku. Nesi akatoa lake: mkate na mayai. Kisha wakaitazama sufuria yangu.

"Ugali wako uko wapi?" nesi aliuliza.

"Nilidhani utabeba wewe."

"Shoga, tangu lini? Nikisonga ugali alfajiri, wale wa kwangu wanaumaliza kabla sijafunga mlango."

"Na mimi siku hizi maharage yananijaza gesi," mwingine alisema. "Chukua chapati, mwalimu. Usione haya."

Niliipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mgeni.

Tulipomaliza kula nikawaambia habari ya Iringa, na kwamba bado sijakijibu chuo.

"Unasubiri nini?" nesi aliuliza. "Ningekuwa mimi, sina mtoto wa kunishika sketi, saa hizi ningekuwa nimeshapita Njombe."

"Nyumba watakupa?" mwenzake aliuliza.

"Watanipa."

"Basi," alisema mke wa mnunuzi, akifuta vidole. "Ukija likizo utuletee vikapu."

Walinifurahia kwa moyo, na hilo lilinifunga mdomo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda. Ningeweza kusema mwenyewe. Nikatazama maji, ambayo siku hiyo ukungu ulikuwa umeyafuta hata ng'ambo isionekane.

Lori lilipopiga honi walisimama, wakakung'uta mchanga. Mbele palikuwa na nafasi ya watu wawili kando ya dereva. Walinisihi nikae, tubanane. Nikasema napenda upepo. Nilipanda nyuma juu ya magunia ya dagaa, na mlima mzima nikaona kupitia kidirisha vichwa vyao viwili, vimeinamiana, vikizungumza.

Tulifika Mbinga jioni. Nesi aliposhuka aliniuliza, "Sasa unaondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi," nilimjibu, na mimi mwenyewe ndiyo kwanza nikasikia kwamba naondoka.